Nilivyompata fundi wa majokofu ambaye tangazo halikumfikia

Ofisi yetu iko Mwenge, Dar es Salaam, ghorofa ya pili, na kazi yetu ni kuwatafutia waajiri watu. Ukikaa kwenye kiti hiki miaka kadhaa unachoka kusikia maneno mawili: kwamba kazi hakuna, na kwamba watu wa kazi hakuna. La kwanza naletewa na vijana wanaopanda ngazi na bahasha za kaki. La pili linakuja kwa simu kutoka viwandani. Mwaka 2024 nilipokea oda moja ambayo yote mawili yalisemwa ndani ya wiki ile ile, na hakuna aliyekuwa anadanganya.

Mteja alikuwa kiwanda cha kugandisha samaki na pweza huko Mkuranga. Alitaka fundi wa mitambo ya kugandisha inayotumia gesi ya amonia. Si friji za dukani wala viyoyozi vya ofisini. Ni kompresa kubwa na gesi inayochemka kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri, ambayo ikivuja kwenye chumba kilichofungwa inaua. Sifa alizotuandikia: stashahada au shahada ya uhandisi mitambo, uzoefu wa miaka mitano, umri usizidi 35, Kiingereza fasaha. Mshahara laki sita kabla ya makato.

Tangazo tukalitoa, barua pepe ikajaa. Waliosoma ugavi waliomba, waliosoma uhasibu waliomba, na ualimu wa baiolojia pia. Barua nyingine zilikuwa bado na jina la kampuni ya maombi yaliyopita. Siwacheki. Mwaka 2014 Uhamiaji walipoita usaili wa nafasi 70, watu zaidi ya elfu kumi walijaa Uwanja wa Taifa. Mwaka 2025 TRA walipata maombi 135,027 kwa nafasi 1,596. Mtu aliyekulia kwenye hesabu za namna hiyo anaomba chochote kilichotangazwa. Wahandisi wachache walikuwamo kweli kwenye rundo lile, ila hakuna hata mmoja aliyewahi kugusa amonia.

Nikaacha kusoma wasifu, nikachukua karatasi tupu na kujiuliza: nchi hii amonia iko wapi? Kwenye viwanda vya bia, vya maziwa, vya barafu, na hasa vya minofu ya sangara kule Mwanza na Musoma. Viwanda hivyo viliota kwa kasi miaka ya 1990. Baadaye sangara walipopungua ziwani, vingine vikafunga na vingine vikapunguza zamu. Mafundi wake hawakufa. Lazima walikwenda mahali.

Dada mmoja tuliyewahi kumpatia kazi ya ukaguzi wa ubora wa samaki alinipa namba ya msimamizi wa zamu mstaafu wa Mwanza. Mzee yule hakuuliza mengi, akanitajia mtu anayetengeneza friji za maduka ya soda karibu na Mwaloni, Kirumba.

“Shikamoo fundi.”

“Marahaba. Nani mwenzangu?”

Nikajitambulisha. Akauliza ada ya fomu ni kiasi gani. Nikamwambia hakuna ada, sheria inatukataza kumtoza anayetafuta kazi, sisi tunalipwa na mwajiri. Akasema, “Basi wewe binti ni tapeli wa aina mpya,” akakata simu. Sikumlaumu, matapeli wa “lipia fomu kwanza” wametuharibia sote. Ilibidi yule mzee ampigie yeye mwenyewe ndipo akakubali kuzungumza. Alikuwa na miaka 51. Shule aliishia darasa la saba, na chumba cha mitambo alikaa miaka 19.

Nilipopeleka jina lake, bosi wa rasilimaliwatu alicheka. Nikamkumbusha kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inataja umri miongoni mwa mambo ambayo huruhusiwi kumbagulia mtu. Halafu nikaomba jambo moja tu: mpeni saa moja kwenye mitambo yenu, mkiona hafai nampandisha basi. Nauli ya basi hilo nililazimika kuipigania kuliko hata mshahara. Waajiri wetu wana ugonjwa huo, atakubali kulipa milioni kwa mwezi lakini nauli ya msailiwa inamuuma.

Walimpeleka chumba cha mitambo. Kabla hajavuka kizingiti akauliza barakoa za gesi zinatundikwa wapi na mlango wa dharura unafungukia upande gani. Kijana wa zamu akafungua kabati. Kichujio cha barakoa moja kilikuwa kimepita muda. Fundi akakitoa, akakiweka mezani bila neno. Kisha akaomba daftari la zamu. Kidole kikashuka mstari kwa mstari kwenye presha za wiki nzima, akasema, “Hapa mtu anaandika bila kuangalia. Presha haiwezi kuwa ile ile saa nane mchana na saa nane usiku.” Baada ya hapo akawasha kijiti cha salfa, akakipitisha taratibu kwenye maungio ya mabomba, na penye valvu moja moshi ukageuka mweupe mzito. Hapo ndipo gesi ilipokuwa inavuja. Meneja wa uzalishaji, aliyekuja kuchungulia tu, alikaa mpaka mwisho.

Fundi akataja 900,000. Nikamwandikia mteja: NSSF, yaani mchango wa hifadhi ya jamii, upande wa mwajiri, asilimia 10, ni 90,000. SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi, asilimia 3.5 ni 31,500. Mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, asilimia 0.5 ni 4,500. Jumla 1,026,000 kwa mwezi. Na kwa fundi: akikatwa NSSF 90,000 na kodi 80,500, mkononi zinabaki 729,500. Hesabu hii naifanya mbele ya pande zote mbili, maana mtu akitajiwa laki tisa anaiona yote mfukoni. Mteja akaguna. Meneja wa uzalishaji ndiye aliyemmaliza: tani mbili za pweza zikiyeyuka usiku mmoja zinakula mshahara wake wa mwaka na chenji haibaki.

Mteja alijaribu pia kutuomba sisi wakala tumwajiri fundi halafu tumkodishe kwake. Kanuni za mawakala binafsi za 2014 zilifunga mlango huo, na binafsi nashukuru. Mkataba ni wake na fundi.

Suala la cheti tulilimaliza kupitia VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa watu waliojifunzia kazini. Na Kiingereza? Kwenye lile rundo la maombi nilimchomoa kijana mwenye stashahada ya uhandisi mitambo, asiye na uzoefu wowote, tukamwingiza kama mtarajali chini ya fundi. Ripoti za Kiingereza anaandika yeye, presha anafundishwa kusoma na mzee. Kwa maoni yangu huyo kijana ndiye aliyepata zaidi kuliko wote, ingawa posho yake ni ndogo na ananilalamikia kila tukionana.

Juzi mteja amerudi, safari hii anataka mwendesha boila, ule mtambo wa kuzalisha mvuke. Kwenye fomu ameandika tena stashahada na umri usizidi 35. Nimekata mistari yote miwili mbele yake, na tumekubaliana tangazo lisubiri kwanza. Masika yakiingia, viwanda vya sukari vya Kilombero na Mtibwa vinasimamisha kusaga miwa na watu wa mkataba wa msimu, wakiwamo waendesha boila, wanarudi nyumbani. Mimi nitakuwa Kidatu, penye kiwanda cha Kilombero.