Kuchagua mwamba ukiwa abiria wa meli

Dada yangu anaishi Florida, na mwaka jana alinilipia safari ya siku saba katika meli ya watalii iliyopita Cozumel na Grand Cayman, visiwa vya Bahari ya Karibi. Nilipoipokea ratiba nikiwa hapa Mikindani, niliona kwamba kila bandari tungepewa muda wa saa saba au nane tu. Hilo lilinifikirisha kuliko urefu wa safari yenyewe, kwa sababu sisi tuliolelewa kando ya bahari hii tumezoea kungoja: nikikuta maji ya ufuko wa Msimbati yamechafuka leo, narudi nyumbani na kwenda tena siku nyingine. Abiria wa meli hana kesho katika bandari ile, hivyo, akitaka kuogelea na kutazama samaki kwa miwani na bomba la kupumulia, ni lazima achague mwamba wake akiwa bado hajauona.

Nilianza na upepo, kama mjomba alivyonifundisha. Alikuwa mvuvi wa mshipi huko Msangamkuu, na kila alfajiri, kabla hajagusa chombo, alisimama kwanza kutazama upepo unatoka wapi. Kusi inapovuma, ufuko unaoikabili huwa na mawimbi na mchanga uliotibuka, ilhali upande wa demani, yaani uliokingwa na upepo, maji hutulia hata mtu akamwona samaki kikande chini akiwa bado ndani ya mtumbwi. Karibi jambo hili ni jepesi zaidi, maana upepo wa huko hutoka mashariki karibu mwaka mzima, na upande wa magharibi wa kisiwa ndio wa demani. Miamba ya Palancar na Colombia kule Cozumel iko upande huo, na ufuko wa Seven Mile wa Grand Cayman vilevile. Miezi ya baridi, upepo wa kaskazini ukishuka kutoka Marekani, mambo hugeuka. Grand Cayman hata mashua zinazoshusha abiria huhamishiwa Spotts, pwani ya kusini.

Lililonitaka fikra nyingi ni mkondo. Hapa kwetu, wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, tofauti ya maji kujaa na maji kupwa huzidi mita tatu, na maji yote hayo sharti yapite mahali, ndiyo maana mlango wa ghuba ya Mikindani huenda kama mto. Kwa hiyo huwa tunachagua siku za maji mafu, ambapo tofauti hiyo huwa ndogo, na ndani ya siku hizo tunaingojea ile nusu saa ambayo maji yamejaa na kusimama. Nilidhani ningehitaji hesabu hiyo hiyo Karibi, kumbe sehemu nyingi za huko bahari haipandi wala kushuka hata nusu mita. Mkondo wa Cozumel hautokani na mwezi: ni maji ya bahari kuu yanayokwenda kaskazini kati ya kisiwa na Rasi ya Yucatán, mchana na usiku, na siku nyingine huyashinda mapezi ya miguuni. Anayeingia peke yake kutoka ufukoni anaweza kutokea mbali kabisa na alipoacha viatu vyake. Mahali pa namna hiyo nataka mashua inayowafuata waogeleaji na kuwapokea kule mkondo unakowapeleka, na swali hilo namuuliza nahodha kabla ya kutoa fedha.

Hata hivyo, siku ya kwanza nilikosea. Nilivutiwa na picha za maji ya buluu juu ya mchanga mweupe, nikalipia mashua iliyotupeleka kwenye maji ya kiunoni, yenye viti vya pweza vichache, wale viumbe wa umbo la nyota, na watu wengi mno, baadhi yao wakivitoa majini ili wapigwe picha navyo. Nilisikitika sana, kwa kuwa kiumbe yule hupumua ndani ya maji. Mchanga mtupu haukai samaki. Samaki hufuata mahali pa kujificha, na mwamba wa kina cha mita mbili hadi tano ndio unaomfaa mtu mwenye miwani na bomba la kupumulia, kwa sababu rangi nyekundu hufifia upesi kadiri maji yanavyozidi kina. Picha za zamani nazo hazitoshi. Tangu 2014 maradhi yaliyoonekana kwanza Florida yamekuwa yakiua matumbawe magumu, na Cozumel yalifika 2018. Nilipoyaona matumbawe yaliyobaki meupe kama mifupa, niliumia vilevile ninavyoumia nikipita juu ya miamba yetu iliyovunjwa kwa baruti.

Grand Cayman nilitumia akili zaidi. Nilichagua Eden Rock, ambako mtu hufika kwa miguu kutoka gati la George Town, nikaingia asubuhi kabla upepo haujazidi, nikiwa nimevaa shati la mikono mirefu badala ya kujipaka mafuta ya jua. Nilitazama kwanza mashua zilizotia nanga zimeelekeza wapi pua zake, kisha nikaanza kwa kuogelea dhidi ya mkondo ili wakati wa kurudi, nikiwa nimechoka, maji yanisaidie. Samaki pono walikuwa wakitafuna mwamba kwa sauti niliyoisikia waziwazi. Saa ya mkononi niliiacha kwenye saa ya meli, nikatoka majini ukiwa umebaki muda wa saa mbili kabla ya mashua ya mwisho.

Dada atakuja Novemba, kusi ikiwa imekwisha na mvua bado hazijaufanya Mto Ruvuma kumwaga tope baharini. Nimemwomba apange safari yake ili awe Msimbati siku ya saba au ya nane tangu mwezi kuandama, maji yakiwa mafu.