Baridi ya dakika ishirini

Kwa miezi minne gari langu lilikuwa na ugonjwa unaokuja kwa saa. Nikiwasha AC asubuhi, upepo unatoka wa baridi hasa, hadi mikono inasisimka. Zikifika dakika ishirini hivi, baridi inakatika ghafla na feni inabaki kupuliza hewa ya vuguvugu. Nikiizima robo saa kisha nikaiwasha tena, baridi inarudi kwa dakika ishirini nyingine, halafu kwisha.

Ningekuwa naendesha peke yangu, ningeshusha vioo na kuvumilia. Lakini mara tatu kwa wiki nampeleka baba kusafishwa damu, na safari ni dakika hamsini kwenda, hamsini kurudi. Akitoka kule anakuwa amechoka hata kuongea ni kazi, na joto linamwelemea haraka. Kila tulipofika katikati ya njia nilimwona kwenye kioo akijifuta uso kwa leso. Hakulalamika hata siku moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mara mbili niliongezewa gesi, na mara zote mbili baridi iliendelea kukatika vilevile. Leo najua kwamba hapo ndipo nilipaswa kushtuka. Gesi ikipungua, baridi huwa hafifu tangu unapowasha. Haikungoji uende nusu ya safari.

Fundi wa tatu ni mzee ambaye kazi yake ni AC tu. Kabla hajagusa kitu aliniuliza, "Mwanangu, huu mfumo uliwahi kufunguliwa?" Nikamweleza kwamba bomba moja lilitoboka kwa kusuguana na chuma, bomba jipya likachelewa, na gari likakaa wiki tatu ncha za mabomba zikiwa wazi, bila hata kitambaa cha kuziba. Akaniuliza kama mfuko wa draya ulibadilishwa siku ile bomba lilipofungwa. Nikamjibu ukweli: sikujua kama kuna kitu kinaitwa hivyo.

Akafunga geji zake, tukawasha injini na kusubiri. Geji ya bluu, ile ya upande wa shinikizo dogo, ilitulia kwenye 25. Dakika zilivyosogea, mshale ukaanza kushuka: 20, 15, 10, ukafika sifuri na kupita, maana yake kompresa, pampu inayozungusha gesi, ilikuwa inavuta na hakuna kinachoifikia. Mzee akalowesha kitambaa kwa maji ya moto, akakizungushia kwenye vali ya upanuzi, pale mabomba yanapoingia ndani kwa abiria. Haikupita dakika moja, mshale ukaruka juu na baridi ikarudi. Akanitazama akasema neno moja: "Barafu."

Hebu nieleze kilichokuwa kinatokea, kwa sababu wengi wanaongezewa gesi kwa ugonjwa huuhuu. Gesi inatoka kwenye kondensa, ile rejeta ya mbele inayoipoza, ikiwa majimaji yenye shinikizo kubwa. Inapita kwenye tundu dogo mno la vali, na upande wa pili shinikizo linaporomoka, majimaji yanaanza kuchemka na ubaridi unatokea. R134a, aina ya gesi iliyomo kwenye gari langu, ikiwa na shinikizo la kawaida la hewa huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Ndani ya gari haifiki huko, lakini kwenye tundu lile inashuka chini kidogo ya sifuri bila shida. Kama kuna maji yanayozunguka pamoja na gesi, hapo ndipo yanapoganda. Chembe moja ya barafu inatosha kuziba njia. Ukizima, barafu inayeyuka, maji yanapita, nawe unadhani gari limejiponya.

Na barafu si baya kuliko yote. Maji yakikaa na gesi na oili kwa muda mrefu yanazaa asidi, na asidi inakula chuma kuanzia ndani. Kompresa ikishaharibika kwa njia hiyo, vumbi lake la chuma linasambaa kila mahali, na ukarabati unakuwa wa mfumo mzima.

Kinachozuia yote haya ni hiyo draya, kinasa maji cha mfumo. Kwenye magari mengi ya zamani ni kopo la chuma linalojitegemea, limekaa kati ya kondensa na vali. Mengine, yenye mrija mwembamba badala ya vali, yana kopo kubwa zaidi upande wa pili, kabla ya kompresa. Kwangu hakuna kopo kabisa: ni mfuko mrefu mwembamba kama soseji, umechomekwa kwenye bomba la ubavuni mwa kondensa. Ndani ya mfuko kuna punje ndogo za zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo kiasi kwamba maji yanaingia na kunaswa, gesi inapita zake.

Mzee alinionyesha nguvu ya punje hizo. Ana chache kavu kwenye chupa iliyozibwa kwa nta. Alimimina kijiko kimoja ndani ya glasi yenye maji kidogo. Zikatoa mapovu na mlio, nikaishika glasi nikakuta imepata joto mkononi, bila moto wowote. Hiyo ndiyo hamu ya maji iliyomo ndani yake. Nami nimewaza sana juu ya wiki zile tatu za ncha wazi: punje zilikuwa zikiyanywa maji ya hewani usiku na mchana, hadi siku mfumo ulipofungwa hazikuwa na nafasi tena.

Sasa nikiri kosa langu, kwa sababu linaweza kumgharimu mwingine. Niliununua mfuko mpya, na usiku wa kuamkia kazi nikaukata ufungaji wake ili niuone vizuri. Nikauacha mezani hadi asubuhi. Mzee alipouona hakuugusa hata kidogo. Alisema, "Huo umeshakunywa, nenda kalete mwingine." Nilijaribu kumbishia kwamba tungeuvuta kwa pampu, unyevu ungetoka. Akanielewesha, na nilipokwenda kusoma nikakuta yuko sahihi. Pampu inaondoa maji yaliyolala kwenye mabomba kwa kuyachemsha: hewa ya kawaida ina shinikizo la milimita 760 za zebaki, na ukilishusha hadi karibu 24, maji yanachemka kwa nyuzi 25 tu, joto la siku ya kawaida. Lakini maji yaliyoshikwa na zeolaiti hayatoki kwa mvuto huo peke yake. Yanahitaji joto la zaidi ya nyuzi 200, na huwezi kuipasha kondensa na mipira yake kiasi hicho. Nikanunua wa pili.

Kazi yenyewe ilianza kwa kuivuta gesi yote kwa mashine hadi kwenye mtungi wake. Mzee hakubali kuifungulia hewani, nami namuunga mkono kwa moyo wote: kilo moja ya R134a inachangia joto la dunia sawa na kilo 1,430 za hewa ukaa kwa kipindi cha miaka 100. Tena ikikurukia ikiwa majimaji inagandisha ngozi, na jicho halina mbadala, kwa hiyo tulivaa miwani sote wawili.

Bampa likatoka. Chini ya kondensa kuna kizibo cha kufungua kwa spana ya pembe sita. Tulisafisha kwanza eneo lote kwa brashi, maana chembe ya mchanga ikiingia hapo haitoki. Mfuko wa zamani ulitoka umelowa, umebadilika rangi kuwa kahawia, na punje zake hazikuteleza tena ndani ya kitambaa, zilishikana. Mzee aliukunguta juu ya karatasi nyeupe, akaisogeza juani, akatafuta vumbi linalometameta. Hakuliona. Hapo ndipo nilipopumua, kwa sababu vumbi hilo lingemaanisha kompresa imeanza kujisaga, na mfuko mpya ungekuwa kazi bure.

Tulipima oili iliyotoka, ilikuwa mililita 20, tukarudisha 20 mpya ya aina ileile. Oili hiyo nayo inavuta unyevu, kwa hiyo kopo lilifunguliwa dakika ileile na lililobaki halikuwekwa akiba. Oringi za kizibo, yaani pete zake za mpira, zikawa mpya, zikapakwa oili. Mfuko ulikuwa kitu cha mwisho kufunguliwa: mzee alikuwa ameshika kizibo mkono mmoja, nami nikakata ufungaji, nikamkabidhi, ukaingia, kizibo kikakazwa. Nadhani ulikaa hewani chini ya dakika moja.

Pampu ilivuta saa nzima. Kisha tukafunga koki na kuangalia geji nusu saa bila kufanya lolote. Mshale haukusogea. Gesi iliingia kwa mizani, gramu 450 kama kibandiko cha kiwandani kinavyosema. Wanaojaza kwa kukisia kwenye geji sitawapa gari langu tena.

Jambo moja zaidi: ukishauriwa umimine dawa ya kuziba uvujaji, kataa kwanza. Zipo zinazoganda zinapokutana na unyevu, na kwenye mfumo wenye maji kama ulivyokuwa wangu, zingegandia ndani.

Kesho yake ilikuwa siku ya baba kusafishwa damu. Nilichomeka kipimajoto kwenye tundu la upepo la katikati. Dakika ya 20 kilisoma nyuzi 7, nikawa nakitazama kuliko inavyofaa kwa dereva. Dakika ya 35, nyuzi 6. Tulipofika, baba alikuwa amelala, leso ikiwa imekunjwa mfukoni mwa shati. Chini ya boneti nimebandika karatasi niliyoandika kwa wino usiofutika: tarehe, gramu 450, oili mililita 20, mfuko mpya. Yeyote atakayeufungua mfumo huu baada yangu, aanze kwa kununua mwingine, na asiukate ufungaji hadi kizibo kiwe mkononi.