Ninavyochuja tafiti huru za sera kabla ya kumfikishia msomaji

Kupata tafiti za sera mtandaoni si kazi ngumu. Hazina za mtandaoni za tafiti, kama SSRN iliyoanza 1994 na RePEc iliyoanza 1997, zina rasimu nyingi mno, na nyingi kati ya hizo husomwa bure. Ugumu uko kwenye kuamua kipi kiingie katika mkusanyo wangu, na kiingie kikiwa na maelezo gani.

Swali langu la kwanza ni nani aliyelipa. Nasoma orodha ya wafadhili na ripoti ya fedha ya taasisi kabla sijagusa hitimisho. Fedha ya kampuni au ya serikali haiufanyi utafiti kuwa uongo, kwa hiyo siutupi. Naandika jina la mfadhili chini ya kichwa, msomaji apime mwenyewe. Taasisi inayoficha wafadhili wake siiweki kabisa.

Kisha natenga utafiti na maoni. Maoni yana nafasi yake, maana mchambuzi mzuri hueleweka na wengi kuliko mtafiti. Lakini akisema "utafiti umeonyesha", namfuata mpaka kwenye waraka wenyewe. Mara nyingi mtafiti aliandika "huenda", na neno hilo limepotea njiani.

Kisa kilichonifundisha umuhimu wa kukagua upya tafiti za zamani ni cha 2010. Wanauchumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff waliandika kwamba nchi tajiri zenye deni la serikali linalozidi asilimia 90 ya pato la taifa zilikuwa na ukuaji wa wastani wa asilimia -0.1. Wanasiasa wa Ulaya na Marekani waliinukuu makala hiyo wakitetea kubana matumizi. Mwaka 2013 Thomas Herndon, akiwa bado mwanafunzi, pamoja na walimu wake Michael Ash na Robert Pollin, walilipitia faili la Excel lililotumika. Nchi 5 zilikuwa zimerukwa katika fomula. Waliposahihisha hilo, wakarudisha takwimu zilizoachwa na kubadili namna ya kukokotoa wastani, walipata asilimia 2.2. Waandishi walikiri kosa la fomula, ila wakashikilia kwamba deni kubwa huandamana na ukuaji mdogo.

Aliyehifadhi makala ya kwanza peke yake amebaki na nusu ya habari. Ndiyo maana kila ninachokiweka kina tarehe ya ukaguzi wa mwisho, na ukosoaji nauweka ukurasa uleule. Natumia namba ya DOI, yaani namba ya kudumu ya kuitambulisha makala mtandaoni, ikiwepo, na nakala naihifadhi Internet Archive, maktaba ya mtandaoni inayotunza nakala za kurasa, maana viungo hufa.

Kila muhtasari sasa naumalizia kwa mstari unaotaja jambo ambalo utafiti haukulichunguza. Mstari huo ndio wasomaji wanaoniandikia zaidi kuuhusu, na baadhi yao wameniletea tafiti zilizolichunguza.