Kununua Mashua Kuukuu: Tazama Mkuku Kwanza

Anayenunua mashua kuukuu kwa mara ya kwanza huvutwa na rangi na tanga, na wauzaji wanalijua hilo vizuri. Nilipokuwa nikitafuta chombo changu Nungwi, kaskazini mwa Unguja, ambako mafundi bado huunda vyombo pwani kwa tezo na keekee, nilionyeshwa mashua zilizopakwa rangi mpya hata harufu yake haijatoka. Fundi mmoja mzee niliyemwomba anisindikize hakujishughulisha na rangi. Aliinama ndani ya ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, akapapasa mahali mataruma, zile mbavu za chombo, yanapoukalia mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba chombo kizima, kisha akachomeka ncha ya kisu, nacho kikazama hadi nusu. "Hii usiichukue hata ukipewa bure, mwanangu," akasema. "Utakuwa umenunua kuni."

Tangu siku hiyo ninashikilia kwamba ujira wa fundi wa kukagua utolewe kabla bei ya chombo haijatajwa. Mbao za ubavuni hubadilishwa, mlingoti hubadilishwa, tanga hushonwa jipya. Lakini mkuku ukioza, kinachoitwa ukarabati huwa ni kuunda chombo kingine, tena kwa gharama kubwa zaidi kwa sababu ya kazi ya kubomoa.

Jambo ambalo sisi watu wa mjini hatulitarajii ni kwamba maji ya mvua huiozesha mbao kuliko maji ya chumvi. Mashua iliyolazwa pwani masika yote bila kufunikwa, maji yakituama ndani, huoza kuanzia chini ya mataruma, mahali ambapo jicho halifiki. Iliyokaa baharini muda mrefu nayo ina adui wake, yule mdudu atoboaye mbao, ambaye watu humdhania funza ilhali ni wa jamii moja na chaza na kome. Huingia akiwa mdogo mno, akanenepea humo humo, hivyo nje huonekana vitundu kama vya pini na ndani mna mapango. Dawa ya wazee ni kukipandisha chombo na kukichoma chini kwa makuti makavu, wakiupitisha moto upesi ili uue mdudu bila kuunguza mbao.

Mashua niliyoinunua hatimaye ina urefu wa futi 18 na mkuku mzima, ingawa mbao kadhaa za chini zilikuwa zimetobolewa na baadhi ya mataruma yalihitaji kubadilishwa. Kazi ya useremala nilimwachia fundi, mimi nikawa wa kushika na kupokeza. Niliyoruhusiwa kuifanya kwa mkono wangu ni kutia kalafati, na hiyo ndiyo niliyoipenda. Pamba husokotwa, ikalowekwa mafuta, kisha ikapigiliwa kidogo kidogo katika upenyo ulio kati ya ubao na ubao. Hata kichwa cha msumari huzungushiwa uzi wa pamba kabla ya kukazwa, maji yasije yakapenya hapo. Fundi alinikataza kupiga kwa nguvu, kwa kuwa mbao kavu zikiingia majini huvimba, na pamba iliyojazwa kupita kiasi huzisukuma hadi zikang'oka kwenye mataruma.

Baada ya hapo sehemu ya chini hupakwa deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu, na ya juu hupakwa sifa, mafuta ya papa ambayo harufu yake itakufuata mpaka mezani. Wapo wanaotumia rangi za dukani siku hizi, wala siwalaumu.

Kushusha chombo kulingojea bamvua, maji yanapojaa mpaka juu ya pwani. Mgeni wa kazi hii huogopa anapoona maji yakiingia mara tu mashua inapoelea, lakini hilo ni la kawaida kwa chombo kilichokauka: huachwa majini, mtu akifua maji kwa upo, mpaka mbao zivimbe na kuziba zenyewe. Kinachoendelea kuvuja baada ya hapo ndicho cha kurudiwa.

Kabla ya kupakia watu, chombo kinahitaji kukaguliwa na Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, na majaketi ya kujiokolea yawemo hata kama safari ni fupi. Kuhusu kujifunza, naona kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, inamfaa zaidi anayeanza kuliko kusi, ambayo Juni na Julai huvuma kwa nguvu zinazomchosha hata mzoefu. Kugeuza tanga la pembetatu, kwa kuihamisha foromali, ule mti unaobeba tanga, kutoka upande mmoja wa mlingoti hadi mwingine huku demani, kamba ya kuvutia tanga, imelegezwa, ni kazi ya watu wawili wanaoelewana. Foromali yangu ya zamani imepata ufa karibu na henza, kamba ya kuipandishia; fundi anaitafutia mti mwingine, na mpaka upatikane sivuki mwamba.