Brashi ninazochorea kwenye kitambaa

Nachora kwenye nguo hapa Moshi: mikoba ya marikani, fulana, na jaketi za jinzi ninazochagua kwenye soko la mitumba la Memorial. Wateja huulizia rangi, lakini kwangu brashi ndiyo inayoamua kama ua litatoka na kingo safi.

Kitambaa kinakunywa rangi, na nyuzi zake zinakwaruza. Brashi laini ya rangi za maji inafaa karatasi. Kwenye marikani inalala juu juu, rangi haiingii kati ya nyuzi, na ukikandamiza nywele zinatawanyika. Kwa hiyo natumia zaidi nywele za nailoni zenye ukakamavu wa wastani. Dukani nazikunja kwenye kiganja. Nikiachia, lazima zirudi zenyewe. Brashi mpya nyingi hukazwa kwa gundi ili ncha isiharibike, basi naomba maji kidogo nilainishe kwanza ndipo nipime. Muuzaji akikataa, naenda duka jingine. Natazama pia lile bati linaloshika nywele: likicheza kwenye mpini, siichukui hata kwa bei ya kutupa.

Sihitaji nyingi. Bapa, ya upana wa sentimita moja na nusu hivi, inajaza majani ya mgomba, na nikiigeuza ubavu inanipa mstari ulionyooka. Ya duara yenye ncha ni ya maua. Ile nyembamba yenye nywele ndefu ni ya vishina na mishipa ya majani. Hii inataka rangi iliyozimuliwa kidogo, maana rangi nzito hukatika njiani. Jinzi ni nene, hapo nashika ya nywele za nguruwe na kuisukuma rangi iingie. Brashi hiyo ngumu siipeleki kwenye fulana nyepesi, inaacha michirizi.

Adui mkubwa ni rangi ya akriliki kukaukia ndani ya bati. Nywele zikishapanuka pale, ncha hairudi. Nachovya nusu ya nywele tu. Nikimaliza naosha kwa maji baridi na sabuni ya mche, natengeneza ncha kwa vidole, kisha nailaza. Ikisimama nywele juu, maji yanashukia kwenye mpini, mbao inavimba na gundi inaachia. Januari na Februari, joto la hapa linapokausha rangi upesi, siachi brashi mezani hata nikiitwa getini. Inaoshwa kwanza.