Tulikimbia fimbo

Leo ni Ijumaa, na neno la Jumamosi bado limenikaa kooni. Wiki hii nimefaulu mtihani wa uraia, baba watoto kahamishiwa zamu ya usiku, na mdogo wangu wa Scarborough kajifungua salama mtoto wa kike. Alhamdulillahi kwa yote. Lakini nikiweka kichwa kwenye mto, ninachokisikia ni sauti ya yule mama.

Jumamosi hiyo ligi ya mtaa ilinipa meza ya kupokea familia mpya. Barafu imeshaondolewa kwenye uwanja wa hoki, pamebaki zege tupu na bodi za pembeni, na humo ndimo watoto wetu hapa Hamilton, Kanada, watakamocheza lakrosi ya boksi, mchezo wa kurushiana mpira kwa fimbo zenye kijinyavu, mpaka kiangazi. Nilichaguliwa kwa ajili ya Kiswahili changu. Mtaa umejaa familia za Kongo na Burundi, na karatasi zote za ligi ni za Kiingereza. Nilijiandaa kweli: wachezaji watano na kipa, sekunde thelathini za kutupa mpira golini la sivyo unapewa upande wa pili, vifaa vya kuazima vipo. Kila swali nilikuwa na jibu lake.

Akaja mama mmoja wa Uvira, kule Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, na mwanawe, miaka minane hivi. Mtoto hakusubiri salamu. Akaenda moja kwa moja kwenye pipa la fimbo, akachomoa moja, akauchota mpira kwa kile kijinyavu cha juu. Ukaanguka. Akauchota tena, ukaanguka tena. Mama yake akamtazama kwa muda, kisha akanigeukia, akasema polepole:

"Dada, siye tulikimbia fimbo. Sasa weye unapatia mutoto wangu fimbo?"

Nami nikamjibu nini? Nikamtajia helmeti. Nikamwambia, usiwe na hofu dada yangu, helmeti ina vyuma usoni, ana glavu, ana kinga za mabega, za mikono, za mbavu, na ya meno. Nikaongeza kwamba anayempiga mwenzake kwa fimbo anatolewa nje dakika mbili. Nilisema mfululizo, sikuvuta hata pumzi. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu zake zote. "Asante, dada." Akamshika mwanawe mkono, wakatoka.

Tangu hapo nayarudia maneno yale. Nikikuna nazi, nayarudia. Nikingoja basi, nayarudia. Hakuniuliza habari za mbavu. Alinifungulia mlango nusu nione alikotoka, nami nikamsomea bei ya kufuli.

Fimbo ninayoijua mimi ni henzirani ya madrasa, Ngamiani kwetu Tanga, kwa kukosea aya. Ilikuwa inauma, na ukifika nyumbani imekwisha. Yake siijui, na sikuuliza.

Jumatatu usiku nilijiambia kwamba ningemweleza habari za wenye mchezo huu. Hii ya boksi ni ya juzi tu, ya mwaka 1931, wenye viwanja vya hoki kule Montreal walipotaka viwaingizie chochote wakati wa kiangazi. Lakini lakrosi yenyewe ni ya Haudenosaunee, wenyeji wa asili wa huku, na eneo lao la Six Nations halifiki hata mwendo wa saa moja kwa gari kutoka hapa kwetu. Nilipompeleka mwanangu Kitinda kutazama mechi huko mwaka jana, mzee mmoja aliyekaa kando yetu alinieleza kwamba kwao mchezo ni dawa. Mgonjwa huchezewa apate nafuu. Na mtoto wa kiume hutiwa kijifimbo kitandani angali mchanga. Wakati wote akiongea alikuwa ameweka kiganja juu ya fimbo yake ya mti wa hikori, kama mtu anayemtuliza mtoto alale.

Ningemwambia hivyo: dada, hii ni fimbo ya dawa. Kisha nikafikiri tena, mimi ni nani niazime dawa ya watu kujitoa kwenye aibu yangu? Watu ambao watoto wao walikuwa wakipelekwa shule ya bweni pale Brantford mpaka ilipofungwa mwaka 1970, wakikatazwa hata lugha yao. Wao ndio wangejua la kumjibu yule mama.

Sikuwaambia jambo moja. Mtoto alitoka na ile fimbo Jumamosi. Nilimwona, nikanyamaza.

Jana baada ya magharibi kengele ikalia. Alikuwa yeye, na fimbo ameizungushia kitenge. Moyo ukashuka, nikajua amekuja kuirudisha. Nikamkaribisha, nikaweka chai jikoni. Akakifungua kitenge mwenyewe mezani. Kamba ya chini ya kijinyavu, iliyokuwa imekatika tangu msimu uliopita na sisi wote tunaipita tu, ilikuwa imeunganishwa kwa uzi mweusi wa kusukia nywele. Mafundo madogo madogo, yamebanana, hata kucha haipiti.

"Ilikuwa imekatika," akasema. "Mupira ulikuwa unaanguka."

Nikayapapasa yale mafundo kwa kidole. Safari hii sikutaja helmeti. Nikamuuliza walitoka Uvira lini. Chai ilipoa, nikaipasha, ikapoa tena. Aliyonieleza ni yake, sitayaandika hapa. Mtoto alikuwa sebuleni na Kitinda, mpira wa tenisi unagonga ukuta, unadakwa, unagonga, unadakwa. Hatukusema lolote kuhusu Jumamosi. Walipoaga, fimbo ilikuwa begani mwa mtoto, na kitenge mama amejifunga.

Nimelala usiku wa jana, usingizi wa kwanza wa wiki.

Asubuhi nikampigia Mama kule Tanga nimhadithie ule uzi. Akacheka, akasema wanawake wa ziwani mikono yao ina akili. Ila wakati wa kuagana aliniita Zainabu. Nikadhani nimesikia vibaya, na akarudia: haya Zainabu, wasalimie. Zainabu ni mama mdogo, marehemu tangu mimi niko sekondari. Kaka anasema ni uchovu, Mama halali vizuri siku hizi. Nimemwomba aende kumwona leo leo. Mpaka sasa hajanijibu.