Réunion: milima niliyotumwa kuipiga picha ina majina ya watoro

Chuo ninachosomea upigaji picha kiko Ufaransa bara, na mwaka wa mwisho kila mwanafunzi lazima aende mafunzo kwa vitendo. Wenzangu wengi waliomba studio za Paris na Lyon. Mimi niliomba nafasi kwenye asasi ndogo ya utamaduni kisiwani Réunion, nikakaa huko kuanzia Septemba mpaka Krismasi ilipokaribia. Ndugu wakiniuliza niko wapi, niliwaambia wachukue ramani, waitafute Madagaska, halafu wasogeze kidole mashariki kidogo. Hapo kuna kisiwa cha kilomita za mraba 2,512 ambacho tangu 1946 ni mkoa kamili wa Ufaransa. Fedha ni yuro, shule ni za Kifaransa, na asubuhi watu wanapanga foleni ya mkate kama Paris. Lakini uani kuna miembe na milichi, na sura unazokutana nazo barabarani ni za Afrika, Madagaska, India, China na Ulaya, mara nyingi zote katika ukoo mmoja.

Msimamizi wangu alinikabidhi mafaili mawili matupu kwenye kompyuta. Moja liliandikwa "mandhari", la pili "utamaduni". Nilitakiwa kuyajaza. Nimetoka huko na msimamo ambao nitautetea popote: Réunion mafaili hayo mawili ni faili moja, na anayeyatenganisha anaishia kupiga postikadi.

Chukua Maïdo. Ni ukingo wa mwamba wenye kimo cha mita 2,200 hivi, juu ya mji wa Saint-Paul. Unaondoka pwani kungali giza, barabara inapanda kona baada ya kona, mashamba ya miwa yanaisha, unaingia kwenye msitu wa migunga ya milimani. Kule juu baridi inauma, na betri ya kamera inakwisha upesi usipoiweka karibu na mwili. Jua linachomoza nyuma ya milima, kwa hiyo mwanga hauingii bondeni kwa mkupuo. Unagusa kilele cha Piton des Neiges, mita 3,070, kisha unateremka tuta kwa tuta. Una saa chache tu. Ikikaribia saa nne mawingu yanapanda kutoka chini na kulijaza bonde lote, na aliyeamka saa mbili atapiga picha ya ukungu mtupu. Ukishuka, usifungue begi haraka: lenzi iliyotoka baridini ikikutana na joto la bahari inafunga mvuke, na usafi wake ni kazi.

Bonde hilo linaitwa Mafate. Hakuna barabara ya gari inayoingia. Wanaoishi humo, katika vijiji kama La Nouvelle, Marla na Roche Plate, hutembea kwa miguu, na mizigo mizito huletwa kwa helikopta. Kila mtalii anaipiga picha kwa sababu ni nzuri kupita kiasi. Mimi pia niliipiga. Nilipofika kwenye kuandika maelezo ya picha ndipo nilipokwama, maana Mafate ni jina la mtu. Alikuwa mkuu wa watoro, watumwa waliokimbia mashamba ya pwani katika karne ya 18 na kujificha kwenye makorongo haya. Cimendef, kilele kinachoonekana pale pale, naye alikuwa kiongozi wa watoro. Dimitile, huko kusini, vilevile. Bonde la Salazie kuna mlima unaoitwa Anchaing, na simulizi inasema mtoro wa jina hilo aliishi juu yake na mkewe Héva. Walisakwa na wawindaji wa kulipwa. Maarufu kuliko wote alikuwa François Mussard.

Sasa niambie, picha ya Cimendef alfajiri inaingia faili gani? Ukiandika "mandhari" umefuta watu waliofanya mlima ule uwe na jina. Niliamua kwamba kila picha ya mlima ninayokabidhi itabeba jina la mtu na kisa chake, hata kama maelezo yatakuwa marefu kuliko wanavyopenda wahariri.

Jambo hili lilinigusa kwa sababu ambayo wenzangu wa chuo wasingekuwa nayo. Mimi ni Mmakua wa Masasi. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa ili apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa vya Wafaransa, Mauritius ya leo na Réunion, ambayo wakati ule iliitwa Bourbon. Wengine wengi walipakiwa katika bandari za Msumbiji. Katika karatasi za zama zile watu wa kwetu wanatajwa waziwazi: Macoua. Viongozi wa watoro ambao majina yao yako milimani wengi walikuwa Wamalagasi, sitaki kuwanyang'anya heshima yao. Lakini kwenye mashamba, kwenye vinu vya sukari, na katika damu ya watu ninaowaona sokoni, tumo.

Nilipiga picha kwenye jumba la Villèle, Saint-Gilles-les-Hauts, lililokuwa makao ya ukoo wa Desbassayns na shamba lao la watumwa. Siku hizi ni makumbusho. Picha inayochapwa kila mara ni ya mbele ya jumba: nguzo, varanda, bustani. Jengo lililokuwa hospitali ya watumwa bado limesimama, kuta nene za mawe. Nililitafutia mwanga wa jioni, ule wa pembeni unaofanya kila jiwe lionekane, na nikaipa kazi hiyo muda mwingi kuliko jumba lenyewe. Jumba lina picha za kutosha.

Oktoba ikawa ya vanila. Mmea huu ulitoka Mexico, na Réunion hakukuwa na mdudu wa kuuchavusha, kwa hiyo ulichanua bila kuzaa mpaka 1841, mtoto mtumwa wa miaka 12 huko Sainte-Suzanne, Edmond Albius, alipogundua namna ya kufanya kwa mkono. Unatumia kijiti chembamba kuinua ngozi laini iliyotenganisha sehemu ya kiume na ya kike, kisha unazibana pamoja kwa kidole gumba. Njia hiyo ikaenea na kufanya vanila iwe zao la biashara mbali kabisa na Mexico. Ua linafunguka asubuhi na kunyauka siku hiyohiyo, ndiyo maana wachavushaji wanapita shambani mapema, na mpiga picha awafuate kwa hatua zao. Mama aliyenikaribisha shambani kwake alifanya maua kwa kasi ambayo jicho halifuati. Nilimwomba asipunguze mwendo. Nikaongeza kasi ya shata, kile kilango cha kamera kinachopitisha mwanga, nikafunga fokasi kwenye kucha ya gumba, nikaacha mengine yote yayeyuke. Uso wake haumo, na ndivyo alivyotaka.

Hapo niseme kuhusu ruhusa, kwa sababu wanafunzi wengi wanaoenda visiwani wanadhani tabasamu ni ruhusa. Sheria ya Ufaransa inampa kila mtu haki juu ya sura yake: ukitaka kuchapisha picha ambayo mtu anatambulika, pata idhini yake. Nilibeba fomu fupi ya Kifaransa, lakini fomu haikuwa mwanzo wa mazungumzo. Mwanzo ulikuwa kukaa. Sokoni Saint-Denis nilimkuta bibi wa Kikomoro, na nilipomwamkia "Shikamoo, bibi," akaacha kupanga ndizi zake. "Marahaba, mwanangu. Wewe wa Unguja?" Alikuwa ameishi Unguja utotoni. Tuliongea Kiswahili mpaka wateja wakalalamika. Nilipomwonyesha kamera akakataa palepale: nguo za kazi hazipigwi picha. Akaniambia nirudi Ijumaa, naye akaja amejifunga shiromani nyekundu, amekaa mbele ya ndizi zilezile kama malkia. Ni miongoni mwa picha ninazozipenda kuliko zote.

Maloya ni habari nyingine, na hapa nataka kutulia kidogo.

Ni muziki wa watumwa na wazao wao. Ngoma kubwa ya roulèr, ambayo mpigaji huikalia. Bobre, upinde wenye kibuyu. Na kayamb, fremu bapa ya mabua ya maua ya miwa yenye mbegu ndani, ambayo mtu wa Pwani akiiona ataitambua bila kuambiwa. Kwa miaka mingi wakubwa wa serikali waliukandamiza, na haukupata nafasi yake hadharani mpaka mwaka 1981. Waimbaji kama Firmin Viry na Danyèl Waro waliubeba katika miaka hiyo migumu. Mwaka 2009 UNESCO ikauingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu.

Kwenye majukwaa unapiga picha unavyotaka. Lakini kuna maloya ya nyumbani, servis kabaré, ambapo familia inakesha kuwakumbuka wahenga wake kwa ngoma na chakula. Nilialikwa kwenye mkesha mmoja. Mwenye nyumba, mzee ambaye wote walimwita gramoun kwa heshima, alinishika mkono mlangoni akasema niingie, ila kamera ibaki kwenye gari. Nikaiacha. Nilikesha pale nikipiga makofi na wengine, na alipotaja wahenga, mwana wa nyumba aliyekuwa karibu yangu alininong'oneza kwamba mmoja alikuwa wa kabila langu. Sina picha ya usiku ule. Msimamizi aliponiuliza nilimwambia hivyo hivyo, na naamini faili la utamaduni lisilo na nafasi ya vitu visivyopigwa picha lina kasoro.

Kwa wale wa fani, jambo moja la kiufundi. Wachezaji wa maloya mara nyingi huvaa nguo nyeupe au za maua, na ngozi zao ni nyeusi kama yangu. Kamera ikiachwa ijipimie mwanga yenyewe, inahangaikia nguo, na sura zinazama gizani. Pima mwanga kwenye shavu. Nguo nyeupe ikipotea kidogo, ipotee. Usiku wa mienge nilishusha shata hadi 1/60 ya sekunde, mikono inayotikisa kayamb ikachora msururu, uso ukabaki mkali. Flashi niliiacha nyumbani kwa sababu inaua rangi ya moto kwenye ngozi, na rangi hiyo ndiyo uliyoifuata.

Volkano ya Piton de la Fournaise, mita 2,632, nitaipitia haraka, maana picha zake zimejaa kila mahali. Njia ya kuifikia kupitia Plaine des Sables inastahili sifa zote. Kilichonivuta zaidi ni kanisa la Piton Sainte-Rose: mwaka 1977 lava ilifika mlangoni na kuligawanyikia pande zote. Waumini wanasali humo hadi leo, lava ngumu ikiwa imelizunguka. Faili gani hapo?

Kisha Desemba. Tarehe 20 Desemba 1848 kamishna Sarda Garriga alitangaza mwisho wa utumwa kisiwani, na watu zaidi ya 60,000 wakawa huru. Tangu 1983 ni sikukuu rasmi. Mikrismasi imechanua nyekundu kila mahali, lichi zimeiva, na usiku mitaa ya Saint-Denis na Saint-Paul inajaa mienge na ngoma. Ukipata nafasi ya kuchagua muda wa mafunzo yako, chagua unaofika tarehe hiyo. Wanafunzi wengi huondoka kabla, wakihofia msimu wa vimbunga.

Mengine ni ya karatasi. Mkataba wa mafunzo unasainiwa na pande tatu, wewe, chuo na wanaokupokea, na yakizidi miezi miwili sheria inawataka wakulipe posho. Réunion iko nje ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia visa moja, ingawa ni Ufaransa, kwa hiyo hakikisha kibali chako cha ukaazi kinakuruhusu kabla hujalipia ndege. Droni katika eneo la ndani la hifadhi ya taifa inahitaji kibali, na hifadhi hiyo imechukua zaidi ya theluthi moja ya kisiwa.

Mwishoni nilikabidhi faili moja. Msimamizi alilipitia picha kwa picha, akasoma maelezo yote, akabishana nami juu ya tahajia ya majina ya watoro, kisha akalipokea lilivyo. Kazi iliyobaki ni ya karatasi za kale zilizotunzwa kwenye Nyaraka za Mkoa, Saint-Denis, ambako nataka kurudi nikiwa na mtu anayekijua Kimakua cha wazee kuliko mimi. Majina mengine humo yameandikwa na makarani wa Kifaransa kwa kusikia tu, na jicho la Mmakua halisi linaweza kuyarudisha yalivyokuwa. Kama uko Ufaransa, una masikio hayo na unaweza kusafiri, nitakubebea begi.